Shajara ya mradi: mti wa kromosomu Y, kutoka Webuye hadi ukutani

Tuko watatu. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Morogoro. Mwenzangu ni dada anayefundisha Bungoma, Kenya, si mbali na Webuye. Wa tatu ni kijana anayesoma takwimu chuoni Dar es Salaam, naye ndiye anayekesha na kompyuta. Tunatengeneza bango la ukutani linaloonyesha mti wa koo za baba za binadamu. Linatoka kwenye data huria, maelezo yake yote ni ya Kiswahili, na wanaume wa Webuye wanaonekana mahali wanapostahili. Shajara hii ni kwa mwalimu yeyote atakayetaka kufanya kazi kama hii. Mambo yaliyokwenda sawa nayapitia haraka. Yaliyoharibika nayaeleza kwa kirefu, maana ndiyo yaliyotula muda na fedha.

## 10 Februari 2024: Data tuliyochukua, na mate tuliyokataa kuchukua

Wazo la kwanza lilikuwa kupima wanafunzi wenyewe. Tanzania kazi hiyo inataka kibali cha maadili cha NIMR na kibali cha utafiti cha COSTECH. Kenya kuna NACOSTI. Tungeweza kuomba. Lakini sehemu kubwa ya kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe bila kuchanganyika na kitu, kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja wanatakiwa kufanana karibu herufi kwa herufi. Je, wasipofanana? Dada wa Bungoma alisema, "Mwalimu, mimi siwezi kumrudisha mtoto nyumbani na swali la namna hiyo." Tukaliacha, na sijajuta.

Badala yake tumetumia data ya 1000 Genomes Project, mradi wa kimataifa uliosoma DNA ya watu wa sehemu mbalimbali za dunia, awamu ya tatu: watu 2,504 kutoka jamii 26. Wanaume ni 1,233. Kati ya jamii hizo wamo Waluhya wa Webuye, watu 99, wanaume 44 na wanawake 55. Walitoa damu yao wakati wa HapMap, mradi wa kimataifa uliotangulia huo, na seli zilizooteshwa kutokana nayo zinatunzwa Coriell Institute, Camden, New Jersey. Hakuna majina, kuna namba tu zinazoanza na NA. Ukoo wa mtu haukuandikwa. Dada alipomweleza mzee mmoja wa huko habari hizi, mzee aliuliza jambo moja tu: je, wanaosoma vitabu hivyo wanajua Webuye ni mahali gani? Hilo limekaa nasi tangu siku ile.

Faili la Y lenye mabadiliko yaliyokwisha kutambuliwa ni dogo, hata bando la kawaida linatosha. Gharama hadi leo: bando Sh 40,000, diski ya nje ya terabaiti moja Sh 165,000.

## 2 Machi 2024: Wote walikuwa A

Tulipata orodha ya alama, yaani yale mabadiliko ya herufi moja ya DNA yanayotambulisha kila tawi, tukaandika msimbo mfupi wa kutafuta kila alama kwenye faili. Matokeo: karibu hakuna alama iliyopatikana kwa mwanaume yeyote. Msimbo wetu, usipokuta kitu, ulimwacha mtu kwenye shina. Ulimwengu mzima ukawa tawi la A, lile la kwenye mzizi, kuanzia Wajapani hadi Wafini.

Chanzo kilikuwa namba za mahali. Jenomu rejea, ile DNA ya mfano ambayo za watu wengine hulinganishwa nayo, ina matoleo. Katika GRCh37 kromosomu Y ina urefu wa herufi 59,373,566. Katika GRCh38 ni 57,227,415. Alama ile ile moja ina namba tofauti katika kila toleo. Faili la awamu ya tatu ni la GRCh37, na sisi tulikuwa tumesoma safu ya GRCh38 ya orodha yetu. Ni kama kumwelekeza mtu nyumba namba 14 kwa ramani ya mtaa iliyochorwa kabla viwanja havijapimwa upya.

Dawa ni kubadilisha safu. Dakika mbili. Kuitambua dawa kulichukua siku tisa, kwa sababu msimbo haukulalamika. Nawashauri wote: usipopata alama, msimbo useme "sikupata", usikae kimya na kuamua kwamba mtu hana badiliko hilo. Kutopata na kutokuwepo ni vitu viwili.

## 17 Machi 2024: Mwingereza kuwa babu wa watu wote

Hili ndilo kosa ambalo ningependa kila anayefuata alisome mara mbili.

Katika faili, 0 maana yake mtu ana herufi sawa na jenomu rejea, na 1 maana yake ana nyingine. Tulichukulia 1 kuwa ni badiliko jipya, tukahesabu. Mchoro wa kwanza ukatoka na wanaume wa Ulaya Magharibi kwenye mzizi, wakiwa na mabadiliko machache sana, na wanaume wa Gambia na wa Webuye wakiwa mbali, na mabadiliko mengi. Kijana wetu aliutuma mchoro kwenye kundi la simu bila neno. Nadhani alijua kuna tatizo.

Jenomu rejea si babu wa mtu. Kromosomu Y iliyoko ndani yake imetoka kwa wanaume wa zama zetu, na sehemu yake kubwa ni ya tawi la R1b, ambalo limeenea Ulaya Magharibi. R1b ni kitawi cha mbali sana na mzizi. Chukua alama M168. Zamani ilikuwa C, ikabadilika kuwa T kwa babu mmoja ambaye matawi yote yanayoitwa C hadi T (hapo ni majina ya matawi, si herufi za DNA) yametokana naye. Rejea ina T, yaani ina badiliko tayari. Mtu wa tawi la A au B anayo C ya kale, lakini faili linamwandikia 1. Tulikuwa tunampa hesabu ya mabadiliko yule ambaye hakubadilika! Kwa M2, alama kubwa ya Afrika, hali ni kinyume: rejea ina A ya kale, aliyebadilika ana G, na hapo 1 kweli ni badiliko.

Kwa hiyo kwanza lazima uulize kila alama: ipi ya kale? Tulifikiri tutauliza kwa sokwe mtu. Haikufaa. Mwaka 2010 ilipochapishwa Y kamili ya sokwe mtu ilionekana kwamba zaidi ya asilimia 30 ya sehemu yake ya kiume haina mwenzake kwenye Y ya binadamu. Imevurugika mno, na kuoanisha kwetu kwa kompyuta mpakato kulileta makosa kuliko majibu. Dawa iliyofaa ni ya nyumbani: chukua wanaume wa tawi la A0, waliojitenga mapema kuliko wengine wote waliomo kwenye data hii, uwafanye kipimo cha nje. Sampuli mojawapo ya A0 ni ya Barbados, kwa watu ambao mababu zao walivushwa bahari kutoka Afrika. Programu ya IQ-TREE haijali rejea ni nani. Inachora mti usio na mzizi, mzizi unautaja wewe. Tulipoutaja kwa A0, mti ulikaa wima.

Naliona hili ni zito kuliko kosa la msimbo. Mchoro ule wa kwanza ungeweza kuingia darasani, na watoto wetu wangejifunza kutoka kwetu kwamba wao ni watu waliopotoka kutoka kwenye asili iliyoko London.

## 6 Aprili 2024: Kompyuta, umeme, na neno moja baya

Wanaume 1,233 kwa mabadiliko zaidi ya elfu sitini hawakuingia kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Iliganda. Tukaongeza gigabaiti 8 nyingine kwa Sh 95,000, ikaenda, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Hatimaye tulichagua wanaume wote 44 wa Webuye na wachache kutoka kila jamii nyingine. Kwa bango inatosha kabisa, maana ukuta wenyewe una mita mbili.

Ukipunguza watu, sehemu nyingi ambazo zilikuwa na tofauti zinakuwa hazina tena. IQ-TREE ukiiambia itumie sahihisho la data yenye tofauti tupu inakataa, kisha inakuandalia faili jipya lililochujwa. Tumia hilo.

Umeme ulikatika usiku wa tatu. IQ-TREE huweka alama ya mahali ilipofikia na inaweza kuendelea. Sisi tulikuwa tumenakili amri yenye neno "-redo", linalomaanisha futa uanze upya. Siku mbili za kazi zikaondoka. Liondoeni neno hilo.

Mti uliotoka ni mzuri kuutazama. Wanaume wengi wa Webuye wameangukia chini ya M2, na pale M2 inapopasukia matawi yanatoka mengi kwa pamoja, kama fagio la chelewa lililofungwa upande mmoja. Umbo hilo linamaanisha wana wa mababu wachache waliongezeka kwa kasi katika vizazi vichache. Wachapishaji wa mti mkubwa wa data hii, mwaka 2016, waliuona mlipuko huo pia na kuuweka karibu miaka 5,000 iliyopita, kabla hata ya kuenea kwa Wabantu. Wachache wa Webuye wako nje ya fagio hilo, na dada alifurahi sana kuwaona. Huko kwao, alisema, kila mtu anajua kuna koo zilizopokelewa kutoka kwa majirani.

## 27 Aprili 2024: Majina mawili, mtu mmoja

Tulianza kuandika majina ya matawi. Kwenye rasimu ya kwanza M2 ilitokea mara mbili: E3a upande mmoja, E1b1a upande mwingine, kila moja na mshale wake na maelezo yake. Alama M293 nayo ilining'inia kwenye tawi E3b ambalo kwenye mti wetu halikuwepo kabisa. Tulitafuta kosa kwenye data siku nne. Data ilikuwa safi. Tulikuwa tumesoma makala za miaka tofauti.

Historia yake inafaa kujulikana, maana ni habari ya wanasayansi kukubaliana. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kila maabara iliyochunguza kromosomu Y ilikuwa na namna yake ya kuita matawi. Mifumo saba ilikuwa ikitumika kwa wakati mmoja, na tawi moja lilikuwa na majina saba. Y Chromosome Consortium, muungano wa watafiti wa maabara mbalimbali, walikusanya sampuli za pamoja, wakapima alama za kila mmoja kwenye sampuli hizo hizo, na mwaka 2002 wakachapisha mti mmoja katika jarida la Genome Research: koo 153, herufi 18 kuanzia A hadi R. Mwaka 2008 mti ulisahihishwa. Koo zikawa 311, herufi S na T zikaongezwa, na kwa kuwa matawi mapya yalipatikana katikati, majina marefu yalihama: E3a ikawa E1b1a, E3b ikawa E1b1b. Makala ya M293 ni ya mwaka huo huo wa 2008 lakini ilitumia majina ya zamani.

Watu wa 2002 waliona mbali. Pembeni ya majina marefu waliweka pia jina fupi: herufi ya tawi na alama ya mwisho. E-M2. Hilo halihami, kwa sababu badiliko lenyewe halihami. Tumeamua bango zima litumie majina hayo tu, na ukikuta jina refu kwenye makala, tafuta alama yake kwanza kabla ya kuliandika popote.

Tahadhari nyingine ndogo: A si tawi moja. Tangu 2011 mzizi ulisogezwa ndani ya A yenyewe, na 2013 likaongezwa A00, lililopatikana kwa ukoo mmoja wa Wamarekani weusi na kisha kwa Wambo wa magharibi mwa Kamerun. Halimo kwenye data yetu. Tumeliweka kwenye bango kwa mstari wa nukta.

M293 yenyewe imepewa nafasi kubwa. Inafuata njia kutoka kwetu Tanzania kuelekea kusini mwa Afrika miaka kama 2,000 iliyopita, na waandishi wa makala ile waliiunganisha na wafugaji wa kwanza waliofika kusini, si na Wabantu. Mwanafunzi wangu mmoja ni Mdatoga. Hajawahi kukuta habari za wafugaji wa zamani kwenye kitabu cha shule zikielezwa kama safari iliyobadilisha bara.

## 25 Mei 2024: Miaka

Kila mtu anauliza "lini", kwa hiyo bango lazima liwe na miaka. Kanuni ni rahisi: hesabu mabadiliko, gawanya kwa kasi.

Tulichukua kasi kutoka kwenye kazi ya 2009 ya wanaume wawili wa China, ndugu wa mbali waliotenganishwa na vizazi 13. Walikuta mabadiliko manne tu kwenye herufi milioni 10 na kidogo: kasi ya 3.0 kwa kila herufi milioni mia, kwa kizazi. Sisi tuliiandika kwenye msimbo kama ya kwa mwaka. Mzizi wa mti wote ukaangukia miaka elfu nne na kitu iliyopita, yaani binadamu wote kuzaliwa baada ya wakulima wa Misri kuanza kujenga. Kosa lilionekana papo hapo kwa sababu lilikuwa kubwa. Lingekuwa dogo lingepita.

Sasa tunatumia kasi iliyopatikana kutokana na mtu wa Ust'-Ishim, Siberia, ambaye mfupa wake wa paja una miaka kama 45,000. Njia yake inanipendeza sana. Yule mtu alikufa, hivyo tawi lake liliacha kukusanya mabadiliko miaka 45,000 iliyopita. Ukilinganisha urefu wa tawi lake na wa watu walio hai, upungufu unaouona ni mabadiliko ya miaka hiyo 45,000. Jibu: 0.76 kwa kila herufi bilioni kwa mwaka. Kwenye herufi milioni 10.3 zinazosomeka vizuri ni badiliko moja kila miaka 128 hivi. Hesabu ya familia za Iceland, ya 2015, inatoa 0.871, ambayo ni badiliko moja kila miaka 111 au 112. Bango limeandika miaka kwa kasi zote mbili, kwa rangi mbili. Dada alihofia litawachanganya watoto. Tulibishana wiki nzima. Mimi nilisimama kwamba mtoto akiona namba moja ataikariri, akiona mbili atauliza.

Kuna tatizo ambalo hatukuweza kulitatua kwa faili lile. Data ya awamu ya tatu ilisomwa kwa wembamba, kila herufi mara chache tu, na mwanaume ana Y moja. Mabadiliko ya mtu mmoja peke yake mengi hayakuonekana. Ncha za matawi zinakuwa fupi, na matukio ya karibuni yanaonekana ya juzi kuliko yalivyo. Ndiyo sababu ya hatua inayofuata.

## 29 Juni 2024: Mtu tuliyemdhania hana AZFc

Watu wale wale, pamoja na jamaa zao, jumla 3,202, wamesomwa upya mara 30 na New York Genome Center. Faili la mtu mmoja ni gigabaiti nyingi, lakini programu ya samtools inaweza kukata kipande cha chrY, yaani kromosomu Y, tu moja kwa moja kutoka kwenye seva. Tulipakua usiku, bando la Sh 70,000 kwa mwezi.

Kikwazo cha kwanza: mafaili ya CRAM, yaani ya usomaji uliobanwa, hayafunguki bila jenomu rejea ile ile iliyotumika kuyatengeneza. Tuliweka GRCh38 tuliyokuwa nayo, samtools ikakataa hasa kwenye chrY. Sababu: katika rejea ya mradi, ncha za Y zinazofanana na X zimezibwa kwa N, yaani herufi isiyojulikana, ili kusoma kusiende mahali pawili. Yetu haikuzibwa. Pakua ile ya mradi wenyewe, usitafute njia ya mkato.

Kikwazo cha pili nakiandika kwa uzito. Mwanaume mmoja alionekana hana kabisa mwisho wa mkono mrefu wa Y. Huko ndiko kuliko AZFc, eneo lenye jeni za DAZ, ambalo likikatika mwanaume hushindwa kutengeneza mbegu za kutosha au hakosi tabu ya kupata mtoto. Tulisisimka. Tulianza hata kuandika aya yake. Dada ndiye aliyetusimamisha: "Huyu ni mtu wa kwetu, yupo, pengine ana wajukuu. Mna uhakika?"

Hatukuwa nao. Tulipotazama tena, pengo lilianza mahali pamoja na halikurudi hadi mwisho wa kromosomu, hata kwenye eneo refu la marudiorudio ambalo kila mwanaume analo. Kukatika kwa AZFc hakuko hivyo. Huondoa kipande na kinachofuata kinabaki. Kilichokatika ni intaneti. Kipakuliwa kiliishia njiani, na samtools ilikuwa imetuonya kwamba alama ya mwisho wa faili haipo. Onyo lilipita kwenye skrini kati ya mengine. Sasa kila faili linapitia "samtools quickcheck" kabla ya kuguswa, na lolote litakalofanana na ugonjwa halitaandikwa kwenye mradi huu, hata likiwa kweli. Wale watu hawakutoa damu ili sisi tuwachungulie.

## 20 Julai 2024: Wanawake wenye Y

Kwenye Y herufi ni moja kwa kila mahali, kwa hiyo mtu hawezi kuwa na A na G kwa pamoja. Sisi tuliwapata wengi. Programu ya bcftools, usipoiambia, humchukulia kila mtu kuwa na nakala mbili za kila kromosomu. Tuliongeza "--ploidy 1", yaani nakala moja, lakini hiyo iliziba tu tatizo: sehemu zenye mchanganyiko bado zilikuwepo, ila sasa zilichagua upande mmoja.

Wazo zuri la mradi wote lilitoka kwa dada. Alisema tuwapitishe wanawake kadhaa kati ya wale 55 wa Webuye kwenye njia hiyo hiyo. Mwanamke hana Y. Chochote kitakachosomeka kwake kwenye Y ni uongo wa njia yetu. Tulipofanya hivyo, usomaji wao ulirundikana mahali maalumu, hasa kipande cha herufi milioni 3.4 kilichohama kutoka X kwenda Y miaka milioni tatu au nne iliyopita, ambacho hadi leo kinafanana na X kwa asilimia 99. Kwa wanaume, mahali hapo hapo ndipo palipokuwa na michanganyiko mingi. Mengine yalikuwa kwenye maneno-pacha, zile sehemu ndefu za Y zinazojisoma mbele na nyuma, ambazo zina nakala zinazofanana karibu kabisa.

Tulifumba maeneo hayo yote, tukabaki na milioni 10.3 zinazoaminika baada ya kuzihamishia kwenye namba za GRCh38. Michanganyiko ikapungua hadi kuwa nadra, na miaka ikaacha kuruka. Yeyote atakayerudia kazi hii aanze na wanawake. Ingetuokolea wiki tatu.

## 17 Agosti 2024: Bango

La kwanza liliharibika, Sh 45,000. Tuliandika "Waluhya" tu. Mwongozo wa HapMap unataka jamii itajwe kwa ukamilifu, Waluhya wa Webuye, Kenya, ili watu 99 wa mji mmoja wasigeuzwe kuwa wasemaji wa Waluhya wote, au wa Afrika nzima. Nilikuwa nimeusoma mwongozo huo mwezi Februari. Na swali la mzee lilikuwa ndilo hilo hilo.

La pili, Sh 45,000, lina Webuye kwa herufi kubwa na ramani ndogo yenye mto Nzoia. Lina kisanduku cha pwani pia: hakuna mwanaume wa Kilwa au Mtwapa kwenye data yetu, lakini mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na jirani zake kati ya 1250 na 1800, ikionyesha kwamba kwa wengi wao asili ya Asia ilipitia zaidi kwa baba na asili ya Afrika zaidi kwa mama. Kisanduku kingine kinaeleza kwamba Y nzima, ncha hadi ncha, ilisomwa mara ya kwanza 2023: herufi 62,460,029. Siku hiyo hiyo zilichapishwa nyingine 43, na urefu wake unatofautiana kutoka milioni 45.2 hadi 84.9.

La tatu, Sh 45,000, ni la Bungoma. Nauli yake kwenye basi Sh 25,000. Jumla ya mradi hadi leo Sh 530,000, bila umeme.

## 7 Septemba 2024

Bango la Bungoma limefika salama na liko kwenye maabara. Dada ameniandikia kwamba mzee alikuja shule kulitazama, akasimama mbele ya ramani ya Nzoia muda mrefu, akaonyesha kwa fimbo mahali maporomoko yalipo. Tumeyaongeza kwenye faili.

Binti mmoja wa kidato cha pili aliuliza kwa nini kwenye mti mzima hakuna msichana hata mmoja. Dada alimweleza jinsi wanawake wa Webuye walivyotusaidia kusafisha data. Binti akasema, "Kwa hiyo walifanya kazi, halafu mkawafuta."

Tunaanza hatua ya pili, mitokondria, herufi 16,569, inayotoka kwa mama kwenda kwa watoto wote. Safari hii watu wote 99 wa Webuye watakuwemo. Faili nimelipakua jana usiku na quickcheck haihusiki nalo, kwa hiyo nimelinganisha jumla ya MD5, ile namba ya kuhakiki kwamba faili limefika zima: iko sawa.